Asali Ipo, Njaa Ipo

Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kusaga ikanyamaza, na hapo ndipo nikausikia mvumo mwingine. Nyuki. Walikuwa wamejaa kwenye mfuko wa kitambaa unakotokea unga, wengine sakafuni kwenye vumbi jeupe. Wanajigaragaza, wanapaa kidogo, wanajipangusa kwa miguu wakiwa hewani, wanashuka tena. Miguuni mwao, pale wanapobebea chavua, kila mmoja alikuwa na vidonge viwili vyeupe vya unga wa mahindi.

Mwenye mashine aliniona nimeinama akacheka.

"Si wewe mwenye nyuki? Wageni wako hao. Wanakuja kila siku na hawalipi."

Ilikuwa Julai, Manyoni, majani yamekauka na upepo wa kipupwe unapuliza vumbi. Mfugaji yeyote wa kanda ya kati ameshaliona jambo hili, kama si kwenye mashine basi kwenye magunia ya pumba au kwenye vumbi la mbao kwa fundi seremala. Huwa tunasema "nyuki wanatafuta unga" na tunaendelea na safari.

Safari hii sikuweza kuendelea. Jana yake nilikuwa nimefungua mizinga, na asali niliikuta. Si ya kujaza ndoo, lakini ipo, masega ya pembeni mazito. Sasa nyuki mwenye asali nyumbani anafuata nini kwenye unga wa dona?

## Anayebeba siye anayekula

Jibu la haraka tunalijua sote: asali ni nguvu, chavua ni protini, na kiangazi chavua haipo. Nilibaki na swali la pili, ambalo lilinisumbua wiki kadhaa. Unga wa mahindi una protini asilimia 8 au 9 hivi, na sehemu kubwa iliyobaki ni wanga ambao tumbo la nyuki haliuwezi vizuri. Kwa nini basi anaubeba kwa bidii ile, kana kwamba amepata kitu?

Nadhani ni kwa sababu anayebeba siye anayekula.

Nyuki anayetoka nje kutafuta chakula huishi kwa mbochi, ule utamu majimaji wa maua, na asali. Chavua anayoileta haili. Anaingia, anaidondosha kwenye kijumba cha sega, anaondoka. Mwingine anakuja kuishindilia kwa kichwa na kuichanganya na asali kidogo, nayo inachachuka taratibu mpaka inakuwa ule mkate wa nyuki. Wanaoula hasa ni nyuki wachanga, wenye umri wa siku chache tu, walezi. Ndani ya vichwa vyao kuna tezi zinazogeuza protini ile kuwa maziwa meupe. Kwa maziwa hayo wanalisha majana, yaani watoto wa nyuki, wanamlisha malkia, na hata wale watafutaji wazee wanapewa kidogo kidogo, mdomo kwa mdomo.

Kwa hiyo mnunuzi wa chakula hayupo mezani. Akiwa nje, uwezo wake wa kupima protini ni mdogo. Anavutwa na harufu, na unga laini unaoshikamana vizuri kwenye miguu. Na chavua zenyewe hazifanani hata kidogo: zipo zenye protini asilimia 2.5, zipo zinazofika 60. Alizeti, zao letu la Singida ambalo kila mtu anasema ni neema kwa nyuki, ni neema ya mbochi zaidi kuliko ya chavua. Chavua yake iko upande wa chini.

Waaustralia wanalijua hili kwa uchungu wao. Ipo mikaratusi inayomwaga mbochi mwingi huku chavua yake ikiwa duni, na kundi linaweza kudhoofika katikati ya msimu mnono wa asali. Mfugaji anavuna huku nyuki wanamwishia mkononi. Wafugaji wa kule wamezoea kuihesabu chavua iliyo chini ya asilimia 20 kuwa haitoshi.

Niliposoma hilo nilirudi mizingani na jicho jingine.

## Majana makavu

Jana la nyuki lililoshiba, la siku mbili tatu, huelea kwenye maziwa. Ukiinamisha sega juani unaona kijidimbwi kinang'aa chini ya kijumba, na mdudu mweupe amejikunja ndani yake kama herufi C. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Huhitaji maabara. Unahitaji jua mgongoni na macho.

Mizinga yangu ilikuwa na asali, na majana yalikuwa makavu.

Mengine hayakuwepo kabisa. Niliona mayai, kisha majana makubwa yaliyokwisha kufunikwa, katikati pametoboka-toboka. Rika zima la wachanga lilikosekana. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema malkia amechoka, tunaanza kufikiria kumbadilisha. Lakini mayai yalikuwepo. Malkia alikuwa anataga. Kilichotokea ni kwamba walezi walikuwa wanayala mayai na majana machanga.

Inasikika kama ukatili, ila hesabu yake iko wazi. Protini iliyokwisha kuingia kwenye jana la siku moja inaweza kuokolewa, ikalishwa jana la siku tano ambalo limebakiza kidogo kufunikwa. Kundi linakula mwanzo wa foleni ili limalize mwisho wa foleni. Na wale wanaofanikiwa kutoka wakiwa wamelishwa kwa kubana hawawi nyuki kamili. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa nyuki waliokosa chavua wakiwa majana walikua wepesi wa mwili, wakawa watafutaji dhaifu, na hata ile ngoma ya kuwaelekeza wenzao maua yalipo hawakuicheza vizuri.

Njaa ya Julai hailipwi Julai. Inalipwa Septemba na Oktoba, pale maua yanapofunguka na wa kuyafuata hawapo au hawajiwezi.

## "Wape sukari"

Ushauri wa kwanza utakaoupata kijiweni ni maji ya sukari. Rahisi, yanapatikana, nyuki wanayapenda.

Sukari inaondoa njaa ya nguvu, na kwa kundi lisilo na asali kabisa inaokoa maisha, sibishani. Lakini kulipatia sukari kundi lenye asali na lisilo na chavua ni sawa na kumwambia mama anayenyonyesha aishi kwa chai ya rangi. Atatembea, atacheka, maziwa yatatoka kwa siku kadhaa, yakitoka kwenye mwili wake mwenyewe. Walezi hufanya hivyohivyo. Wana akiba ya protini na mafuta tumboni, na utamu ukiingia kwa wingi malkia anaona kama maua yamefika, anaongeza mayai, na walezi wanajikamua kuyahudumia. Wanakufa mapema.

Na tuseme ukweli mwingine ambao hatupendi kuuandika: sukari iliyotolewa ovyo huishia kwenye ndoo ya asali. Protini haina tatizo hilo kwa kiasi kile. Donge la soya, chakula cha protini cha kujitengenezea, likiwekwa mzingani nyuki hulila palepale, hawalipangi kwenye masega kama wanavyopanga chavua.

## Mapishi

Basi nikaingia kwenye mapishi, na hapa nilipotea kwa siku nyingi kwa raha kabisa.

Mapishi mama ni ya Mykola Haydak, mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota. Sehemu 3 za unga wa soya, 1 ya hamira ya bia iliyokaushwa, 1 ya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, vinakandwa kwa asali au maji mazito ya sukari mpaka donge lishikamane. Huko Uholanzi, mwaka 1953, mtafiti de Groot akaonyesha ni asidi amino zipi 10, vijenzi vya protini, ambazo bila hizo nyuki hawezi kuishi. Tangu hapo, karibu kila donge linalouzwa duniani ni mjukuu wa kazi hizo mbili.

Sasa lilete kijijini.

Soya ipo, tunaisaga kwa uji wa lishe. Lakini soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, kwa hiyo lazima ipite motoni kwanza, na ikaangwe bila kuunguzwa. Mafuta yake pia ni mengi mno. Unga wa soya iliyokamuliwa ndio unaofaa, na huo sokoni kwetu haupo kirahisi. Tena usagaji. Punje za chavua ni ndogo kuliko unachoweza kukiona, na unga wenye chenga nyuki wanautoa nje mmoja mmoja kama takataka. Nimewaona wakifanya hivyo mlangoni, kwa dharau kabisa.

Hamira ya dukani, ile ya mandazi, ni hai. Ukiikanda na sukari inaumuka. Inayotakiwa ni ile iliyokufa, ya viwanda vya bia.

Maziwa ya unga ndiyo yaliyonishangaza zaidi, maana yamo kwenye mapishi yanayoheshimiwa, na hata hivyo sukari ya maziwa ni sumu kwa nyuki ikizidi. Maziwa yaliyoondolewa mafuta ni sukari hiyo karibu nusu nzima ya uzito wake. Haydak alifanikiwa kwa sababu maziwa yake ni sehemu moja tu kati ya tano, tena yamezimuliwa na asali. Mimi nimeyaacha. Ukiona mtu anamimina pakiti ya uji wa lishe wenye maziwa mzingani, mzuie kwa heshima.

Kuna kiungo kimoja kinachofanya donge lolote lipendwe, nacho ni chavua halisi, hata asilimia 5 tu. Tatizo ni kwamba chavua ya kununua huja na magonjwa ya kwao. Ugonjwa wa kuoza kwa majana ulizuka Western Cape, Afrika Kusini, mnamo mwaka 2009, na vimelea vyake hukaa miaka mingi bila kufa. Wenzetu wakubwa huipitisha chavua kwenye mionzi kwanza. Mimi nitakinga chavua ya mizinga yangu mwenyewe msimu wa mvua, niigandishe, au niiache kabisa.

## Mende

Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinaponiacha njiani.

Donge la protini juu ya masega ni karamu kwa mende wa mzinga, yule mweusi mdogo anayekimbia ukifunua mfuniko. Ni wa kwetu, Afrika kusini mwa Sahara ndiko asili yake. Alipogunduliwa Florida mwaka 1998 alileta kilio kikubwa, maana nyuki wa kule hawamjui. Wetu wanamjua. Wanamkimbiza, wanamsukumia pembeni, wanamfungia kwenye vigereza vya gundi na kumlinda asitoke.

Lakini walinzi hao ni kundi lenye nguvu. Kundi lenye njaa halina askari wa kutosha, na wewe umeliwekea donge la nusu kilo ambalo halimalizi. Mende anataga humo, funza wanatoka, masega yanageuka ute unaonuka. Hapo nyuki hawangoji mjadala.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni ndogo: kipande cha kumalizwa ndani ya siku mbili tatu, bapa, kiwekwe juu kabisa ya majana, kwa sababu walezi hawatembei kwenda kulifuata pembeni. Kikibaki, kinatolewa. Na sisimizi nao wana pua. Mafuta machafu kwenye nguzo za mzinga si hiari.

## Wasiohama na wanaohama

Nilipokuwa nimeshajiona mtaalamu, nilikwenda kumwonyesha donge langu mzee mmoja mwenye mizinga ya magogo na magome tangu enzi za baba yake. Aliligusa, akalinusa.

"Hili ni la nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Nyuki akihama hajakukimbia wewe. Amefuata maua. Mzinga wako uko palepale, utamwona."

Niliondoka nimekasirika kidogo. Kisha nikaanza kuona ana hoja kuliko mimi.

Kulisha protini kulikuzwa mahali ambapo kundi haliruhusiwi kuondoka wala kupungua. Chukua California. Kila Februari mashamba ya lozi yanataka makundi zaidi ya milioni 2, yanasafirishwa kwa malori kutoka pande zote za Marekani, na mwenye shamba analipia kundi lenye nguvu, mara nyingi fremu 8 zilizofunikwa na nyuki. Ili kundi liwe hivyo katikati ya baridi, lazima lianze kulishwa miezi kabla. Donge pale ni gharama ya biashara, kama dizeli.

Nyuki wetu wa Kiafrika, ambaye kitaalamu anaitwa scutellata, ana jibu lake la kale. Mtafiti Stanley Schneider na wenzake waliwafuatilia kwenye delta ya Okavango, Botswana, wakaeleza jinsi kundi linavyojiandaa kuhama kwa njaa: halikurupuki, linapunguza kulea, linangoja majana yaliyofunikwa yatoke, linabeba asali matumboni, linaondoka. Mzee na wazee wenzake walijenga ufugaji wao juu ya tabia hiyo. Unatundika mizinga mingi, unajua mingine itakaa mitupu, nyuki wanapita kama wapangaji. Hakuna anayelisha mtu.

Je, nikiwashikilia kwa soya ninawasaidia wao, au ninajisaidia mimi niliyenunua mizinga ya masanduku kwa mkopo?

Swali hili lilinizuia kulisha kwa muda. Kilichonirudisha ni kuangalia wanakohamia. Hesabu ya mzee ilitegemea kuwa mahali fulani, mbali kidogo, pana msitu unaochanua. Vichaka vya Itigi, ambavyo hapa duniani vinapatikana kwetu na upande wa Zambia tu, vimefyekwa sana kwa mashamba na mkaa. Miombo ya kuelekea Tabora imekausha tumbaku miaka mingi. Nyuki bado anahama, na safari yake siku hizi sina hakika inafika.

## Wiki sita

Agosti 2025 kundi la watafiti wa Oxford chini ya Geraldine Wright lilichapisha kwenye jarida la Nature kazi iliyonipa jibu nisilolitafuta. Walirekebisha aina ya hamira, Yarrowia lipolytica, itengeneze steroli 6, aina ya mafuta ambayo mwili unayahitaji, ambazo nyuki huzipata kwenye chavua na hawezi kujitengenezea. Makundi yaliyolishwa hamira hiyo yalifikisha majana hadi mara 15 zaidi kwenye hatua ya pupa, ile ya kugeuka nyuki kamili ndani ya kijumba kilichofunikwa. Habari zilizosambaa zilikuwa za "chakula bora cha nyuki", na bado hakijafika dukani kwangu wala kwako.

Mimi nilisoma upande wa pili. Makundi yasiyopata steroli hizo yaliendelea kulea kwa muda, kisha yakaacha. Protini ilikuwepo, utamu ulikuwepo, jaribio la miezi mitatu lilipoelekea mwisho kulea kukakoma. Walezi walikuwa wanakopa kwenye miili yao mpaka mkopo ukaisha.

Maana yake soya yangu haiwezi kuvusha kiangazi kizima. Inaweza kuvusha wiki kadhaa.

Basi ni wiki zipi? Kwetu mitundu na jamaa zake za miombo huchanua kabla ya mvua, Septemba hadi Novemba hivi. Yai hadi nyuki kamili ni siku 19 hadi 21. Mpaka afikie umri wa kutoka nje kutafuta, ongeza nyingine karibu wiki tatu. Ukitaka watafutaji wa mwanzo wa Oktoba, mayai yao yanatagwa katikati ya Agosti, na ndipo donge linapofaa kuanza. Si Juni, ambako unalea vibarua watakaokosa kazi na kumaliza asali. Wala si wakati maua yameshafunguka, ambapo watalipita donge lako bila kuligusa.

Kundi lililonywea mno, nyuki wa kujaza viganja viwili, silipatii kitu. Najua kuna watakaonilaumu. Nalifungua mlango liende, kama mzee alivyosema, au naliunganisha na lingine.

Na upandaji. Mlonge unachanua mara nyingi kwa mwaka ukipata maji kidogo. Faidherbia albida, mgunga unaobaki kijani kiangazi wenzake wakipukutisha, hutoa maua mvua zikishakatika, pale pengo linapoanza. Mikorosho iliyopandwa Manyoni miaka ya karibuni nayo huchanua katikati ya ukame, lakini hapo kuna suala la dawa za kupulizia, na bila kuongea na wenye mashamba juu ya siku na saa za kupulizia, tunawapeleka nyuki kwenye hatari. Hilo linataka makala yake. Miche ya mlonge nimeshaiotesha. Tatizo la sasa ni mbuzi wa jirani.

Kuhusu soya, msimu huu nimeamua kulisha nusu ya mizinga na kuiacha nusu, yenye nguvu zinazolingana, kwenye manzuki ileile, yaani eneo lilelile la mizinga. Oktoba nitainamisha masega juani na kutazama. Nilipomweleza mzee mpango huo alifurahi sana. Alisema mizinga yake yote niiandike upande wa wasiolishwa, na nikimaliza kuhesabu nimletee asali ya upande ulioshinda.